Ngisi, Valvu na Chipu ya Miguu 14

Mwaka wa 1934, katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, kijana mmoja wa miaka 21 hivi alikuwa anahangaika na swali ambalo halikuonekana kuwa na pesa ndani yake: neva huamuaje? Jina lake Otto Schmitt. Alikuwa mwanafunzi wa Washington University, mguu mmoja kwenye idara ya fizikia, mwingine kwenye idara ya wanyama. Ndugu yake mkubwa, Francis, alikuwa tayari mwanabiolojia anayetajwa, na Otto alikulia kwenye kivuli hicho akichezea redio na valvu.

Kuhusu neva, jambo moja kubwa lilikuwa limeshajulikana. Ukiigusa kidogo, hainyanyui hata kichwa. Ukiongeza kidogo, bado kimya. Ukifika kiwango fulani, inafyatuka, na ikifyatuka imefyatuka yote. Hakuna nusu mfyatuko. Mwingereza Edgar Adrian alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1932 kwa kazi yake juu ya neva, na sheria hii ya "yote au hakuna" ilikuwa sehemu ya hadithi hiyo. Alichotaka Schmitt ni kujenga kitu cha umeme chenye tabia kama hiyo. Kitu ambacho ukikipa volteji inayopanda polepole, yenye kutetemeka na kusitasita, kinakujibu kwa neno moja: ndiyo, au la.

Mnyama aliyekuwa nyuma ya swali hilo ni ngisi. Huku kwetu ngisi ni wa kukaangwa pale Mombasa, na wino wake tunaujua kwa sababu unachafua sinki. Lakini kwa watu wa neva, ngisi ni kama zawadi. Ana nyuzi za neva nene ajabu, zingine zinakaribia milimita moja, ambazo humwezesha kuukaza mwili wote mara moja na kuchomoka kinyumenyume akimkimbia adui. J. Z. Young alizieleza vizuri mwaka wa 1936, na miaka michache baadaye kina Hodgkin na Huxley wakapenyeza waya ndani ya uzi mmoja kama huo na kupima volteji yake moja kwa moja. Neva ya chura huwezi kuifanyia hivyo. Ya binadamu ndiyo kabisa usahau.

Sasa, saketi yenyewe. Usiogope, nitapita hapa taratibu.

Schmitt alichukua valvu mbili, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu, akazifunga kwenye rizista moja chini yao. Fikiria watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Valvu ya pili ikiwa inapitisha umeme, umeme huo unapita kwenye ile rizista ya pamoja na kuinua volteji ya pale chini, na hilo linaifanya ile ya kwanza iwe ngumu kuamka. Kwa hiyo volteji unayoiingiza lazima ipande sana ndipo valvu ya kwanza iamke. Ikishaamka inaizima ya pili. Ya pili ikizimika, ule mzigo uliokuwa kwenye rizista unapungua, na ya kwanza inaamka zaidi. Hapo hakuna kurudi nyuma; bembea imepinduka kwa kishindo. Na sasa ukitaka kuirudisha, haitoshi kushusha volteji pale ulipoiachia. Lazima ushuke chini zaidi, mpaka kizingiti cha pili.

Vizingiti viwili: kimoja cha kupanda, kingine cha kushuka. Katikati yao saketi inakumbuka ilikotoka na kukaa hapo. Huo ndio uvumbuzi wote. Schmitt aliuchapisha mwaka wa 1938 katika Journal of Scientific Instruments, wakati huo akiwa University College, London, kwa A. V. Hill. Makala yenyewe ni ya kurasa tatu. Mimi nimewahi kuandika barua ya kuomba kuongezewa muda wa kulipa karo ikawa ndefu kuliko hiyo.

Lazima niseme kwamba Schmitt hakuanza kutoka sifuri. Waingereza Eccles na Jordan walikuwa wameomba hataza mwaka wa 1918 kwa saketi ya valvu mbili zinazosukumana, ambayo ndiyo babu wa kumbukumbu za kompyuta. Lakini saketi yao ilikuwa ya kukumbuka mapigo mafupi yaliyoingizwa. Ya Schmitt ilikuwa ya kusikiliza dunia chafu na kutoa jibu safi. Hizo ni kazi mbili tofauti, na naona wanaoziweka kwenye kapu moja wanamnyima Schmitt haki yake.

Hiyo tabia ya kubaki nyuma ina jina: histeresisi. Neno hilo halikutoka kwa Schmitt wala kwa watu wa neva. Lilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na Mskoti James Alfred Ewing, aliyekuwa akifundisha Tokyo na kuchunguza jinsi chuma kinavyoshika usumaku. Aligundua kwamba ukiongeza nguvu ya sumaku kisha ukaipunguza, chuma hakirudi kwa njia kilichopandia. Kinachelewa. Akachota neno la Kigiriki lenye maana ya kubaki nyuma, na ukichora safari hiyo kwenye karatasi unapata kitanzi chembamba kilicholala kwa mshazari.

Histeresisi unaijua hata kama hujawahi kulisikia jina hilo. Tangi la maji lenye boya: pampu inawaka maji yakifika chini kabisa, inazimwa yakifika juu kabisa. Ingekuwa na alama moja tu katikati, kila ukifungua bomba kuosha kikombe pampu ingewaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mpaka iungue. Au nauli ya matatu. Petroli ikipanda shilingi chache, nauli inapanda siku hiyo hiyo. Petroli ikishuka shilingi zile zile, makanga anakuangalia kama umemtukana mamake. Itabidi ishuke sana, tena kwa muda, ndipo nauli irudi. Vizingiti viwili.

Baada ya valvu zikaja transista, na baada ya transista zikaja chipu. Katikati ya miaka ya 1960 Texas Instruments walileta mfululizo wa 7400, vidude vyeusi vya plastiki vyenye miguu 14, kila kimoja na kazi yake ndogo ya lojiki. Ndani ya ukoo huo kukawa na 7414: vigeuzi sita, kila kimoja kikiwa na triga ya Schmitt mlangoni. Kikipata juu kinatoa chini, kikipata chini kinatoa juu. Kwa ile 7414 ya kwanza kizingiti cha kupanda ni volti 1.7 hivi, cha kushuka ni 0.9. Upande wa pili RCA walikuwa na mfululizo wao wa 4000, wa teknolojia ya CMOS, na humo tukapata 4093 na 40106. Kijana alianza na ngisi, na kazi yake ikaishia dukani ikiuzwa kwa bei ya kikombe cha chai.

Hapa naingia mimi, kwa sababu kuna siku nililazimika kuchagua moja kati ya hizo, na haikuwa mtihani.

Ploti ninayokaa ina vyumba vinane na kila chumba kina mita yake ya maji. Mita hizo ni za aina ya zamani kidogo: ndani kuna sumaku inayozunguka, na kila lita 10 zikipita inafunga kiswichi kidogo cha kioo. Waya zinatoka kwenye kila mita mpaka kwenye kibanda cha keretaka, ambako fundi fulani alikuwa amejenga kaunta nane kwa chipu za mfululizo wa 74HC, stima ya volti 5. Mwisho wa mwezi keretaka anasoma namba, anazidisha, anakuja kugonga mlango.

Mama wa chumba cha sita alisafiri Kitui kwa mazishi, siku nne, chumba kimefungwa. Aliporudi kaunta yake ilikuwa imeongeza lita 700. Keretaka alisimama pale na kitabu chake, namba ni namba, mashine haidanganyi. Yule mama hakupiga kelele. Alinigeukia mimi, kwa sababu ploti nzima inajua niliwahi kusomea mambo ya stima kabla ya kuachana na chuo, akaniuliza: "Mwanangu, hayo maji nilikuwa nayanywa nikiwa Kitui?"

Lita 700 ni mapigo 70 ya uongo. Hayakutoka mbali. Waya za mita zilipita bega kwa bega na waya wa pampu, na kila pampu ilipowaka au kuzima, mshtuko wa stima uliruka kutoka waya mmoja kwenda mwingine. Kaunta ya 74HC ni ya haraka mno. Haijui maji, inajua volteji tu. Ikiona mruko wa sehemu ya milioni ya sekunde, inahesabu lita 10. Juu ya hayo, kiswichi chenyewe kikifunga hakifungi mara moja. Kinadunda, kama mpira ulioangushwa sakafuni, na kila mdundo unaweza kuhesabiwa.

Fundi alishajaribu kutibu. Aliweka rizista ya kilo-ohm 10 na kapasita ya mikrofaradi 1 kwenye kila laini. Wazo lilikuwa zuri, maana kapasita inameza miruko midogo kama sifongo, na viwili hivyo pamoja vinachukua kama sehemu ya mia ya sekunde kujaa. Bomba letu haliwezi kupitisha lita 10 kwa muda huo hata Mungu akitaka, kwa hiyo hakuna hesabu halali inayopotea. Lakini hali ikawa mbaya zaidi! Fundi akaamua chipu ni feki.

Chipu hazikuwa feki. Ukisoma karatasi ya data ya geti la kawaida la 74HC, kwa mfano 74HC04, kuna mstari ambao watu huuruka: kwa volti 4.5, volteji inayoingia isichukue zaidi ya nanosekunde 500 kutoka chini kwenda juu. Ile kapasita ilikuwa inachukua milisekunde 10. Hiyo ni mara 20,000 zaidi ya ruhusa. Volteji ikipanda kwa mwendo wa konokono namna hiyo, inakaa muda mrefu katikati, mahali ambapo geti halijui kama ni sifuri au moja, na kila kijimtetemo kinalisukuma huku na kule. Sifongo ilikuwa imeondoa miruko mikubwa na kuleta kigugumizi. Kilichohitajika baada ya ile sifongo ni saketi ya Schmitt, isiyojali unapanda kwa kasi gani, inayosubiri tu uvuke kizingiti.

Basi ni ipi? Pale Luthuli ukisema "Schmitt" watu wa kaunta wanakutolea walichonacho, na walichonacho ni cha kila aina.

Ya kwanza kuwekwa mezani ilikuwa 74LS14. Nilikataa. Familia ya LS ina tabia ya kutoa umeme kupitia mguu wa kuingilia: ukitaka kuushusha mguu huo chini, lazima ukubali kumeza hadi miliampia 0.4. Pitisha hizo kwenye rizista ya kilo-ohm 10 na hesabu ya darasa la fizikia inakupa volti 4. Kizingiti cha kushuka cha LS14 ni kama volti 0.8. Yaani kwa hesabu ya karatasi, mita ingefunga kiswichi chake na geti lisijue kamwe. Ungepunguza rizista, ndiyo, halafu uongeze kapasita, halafu ubadilishe vitu vinane vilivyokwisha kulehemiwa.

CD40106 ndiyo iliyonipa wakati mgumu. Mpangilio wa miguu ni ule ule wa 7414, inakubali stima kuanzia volti 3 hadi 18, haimezi kitu mlangoni. Ni ya polepole, lakini maji nayo ni ya polepole. Kama kaunta zingekuwa zinakula moja kwa moja kutoka betri ya volti 12, ningeichukua bila kufikiri, kwa sababu 74HC mwisho wake ni volti 6 na ukizidisha hapo unanusa moshi. Lakini hapa stima ilikuwa 5 na kila kitu kingine kilikuwa 74HC, na kifundo cha 40106 kwa volti 5 hakina nguvu nyingi za kusukuma.

Muuzaji alinipa pia 4093 na kusema ni sawa na 74HC132. Zote ni NAND nne zenye triga, hapo hakudanganya. Lakini miguu ya katikati haifanani. Kwa 74HC132 geti la pili linaingilia mguu wa 4 na 5, linatokea wa 6. Kwa 4093 linaingilia 5 na 6, linatokea wa 4. Ukichomeka moja mahali pa nyingine, unafunga mlango wa kutokea na mlango wa kutokea. NAND ni nzuri ukitaka kuwa na waya wa kuruhusu au kuzuia hesabu. Sisi hatukuhitaji ruhusa, tulihitaji ukweli.

Zipo pia zile mpya kama 74LVC1G14, geti moja tu ndani ya kidude chenye miguu mitano, inayofanya kazi kuanzia volti 1.65 hadi 5.5. Kwa simu na vifaa vidogo ndiyo yenyewe. Kwa mtu mwenye chuma cha kulehemu cha mkono mmoja na taa ya kibandani, ni kutafuta chawa kwenye zulia.

Nikachukua 74HC14, mbili. Karatasi ya Texas Instruments inasema kwa volti 4.5 kizingiti cha kupanda kwa kawaida ni 2.5, cha kushuka 1.6. Ni rahisi kupenda hizo namba. Lakini neno "kwa kawaida" kwenye karatasi ya data ni kama "niko karibu kufika" ya mtu bado yuko bafuni. Ukitazama safu za pembeni, kile cha kupanda kinaweza kuwa popote kati ya 1.55 na 3.15, na pengo ambalo kampuni inaahidi kwa kweli ni volti 0.4 tu. Hiyo 0.4 ndiyo niliyofanyia hesabu: kelele iliyobaki baada ya kapasita lazima iwe ndogo kuliko hapo, chipu iwe ya bahati au ya mkosi. Ilikuwa ndogo.

Chipu mbili ni vigeuzi 12, vyumba ni vinane. Vile vinne vya ziada nilifunga milango yao ya kuingilia kwenye chini ya stima, kwa sababu mlango wa CMOS ukiachwa unaning'inia hewani unaokota kila kelele na kula stima bure. Na niseme hili pia kwa anayepanga kujenga kitu kama hiki leo: ukitumia Arduino Uno, prosesa yake ya ATmega328P tayari ina triga za Schmitt kwenye miguu yake ya kuingilia. Wakati mwingine chipu bora ni ile usiyonunua.

Pampu iliwaka na kuzima wiki nzima na kaunta ya chumba cha sita ikakaa pale pale. Keretaka alifuta zile lita 700. Miezi ya nyuma ni hadithi nyingine. Wapangaji walipouliza kuhusu maji waliyoyalipia tangu mita ziwekwe, mwenye ploti alijibu kwamba hakuna awezaye kuthibitisha lita ngapi zilikuwa za kweli na ngapi zilikuwa pampu. Kwa upande wa umeme alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloudhi. Pigo likishahesabiwa linafanana na mengine yote. Yule mama alihama Desemba.

Schmitt mwenyewe hakukaa kuhesabu faida ya triga. Mwaka wa 1939 alihamia University of Minnesota, wakati wa vita akafanya kazi ya kutafuta nyambizi kutoka angani kwa kupima mabadiliko ya usumaku, kisha akarudi kwenye mapenzi yake ya zamani ya kuazima mbinu za viumbe na kuzitia kwenye mashine. Ndiye aliyeipa kazi hiyo jina ambalo limeshika, bayomimetiki. Alifariki Januari 1998.

Ukifungua karatasi ya data ya 74HC14, utaona vigeuzi vimechorwa kwa pembetatu, kama vigeuzi vyote. Tofauti ni alama ndogo ndani ya pembetatu, kitanzi chembamba kilicholala kwa mshazari. Ni kile kitanzi cha Ewing cha Tokyo, cha chuma na sumaku, kimewekwa ndani ya saketi ya Schmitt iliyoanzia kwa ngisi.